Feri ya beto inayofika Bunia: nguvu yake inaamuliwa na sekunde moja ya maji

Ukipita leo kwenye bulvari ya Libération, ao ukiingia ndani ya kata za muji wa Bunia, utaona nguzo za beto zimesimama na feri zinatokea juu yake, zinangoja etaji ya pili. Muji umepokea watu wengi waliokimbia vita katika teritware za Djugu, Irumu na Mahagi. Kiwanja kimekuwa kidogo, beyi ya kiwanja imepanda, na mwenye feza kidogo anaanza kujenga kwenda juu badala ya kwenda pembeni. Nyumba ya namna hiyo haishikwi na matofali. Inashikwa na feri ya beto iliyofichwa ndani ya nguzo na ya dali.

Sehemu kubwa ya feri hiyo inatoka kwa jirani yetu Uganda. Inaingia kwa Mahagi, kwa Aru, ao inazunguka kwa Kasindi na kupanda kwa Beni na Komanda. Kwenye kenkayeri mununuzi anauliza mambo mawili: «Ni beyi gani?» na «Hii ni ya 12 kweli?» Maswali hayo ni mazuri, lakini kuna la tatu ambalo karibu hakuna mutu analiuliza: feri hii ilipozwa namna gani siku ilipotoka kwenye moto wa kiwanda?

Wengine watacheka. Feri ni feri tu, watasema. Katika habari hii tunaeleza kwa nini sivyo, na kwa nini jambo hilo linagusa usalama wa nyumba zetu, shule zetu na vituo vyetu vya afya.

Kwa nini tunaizungumzia leo

Kwanza ni juu ya biashara. Tarehe 29 Machi 2022, wakubwa wa inchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubali Kongo iingie katika jumuiya hiyo. Tarehe 8 Aprili mkataba ulitiwa sahihi kule Nairobi, na Julai mwaka uleule Kongo ikawa mwanachama kamili. Tangu hapo, wengi katika Ituri na Kivu ya Kaskazini wanazungumza juu ya taksi na ushuru tu. Lakini jumuiya iko pia na kanuni za ubora. Kuna kanuni moja, EAS 412, ambayo inahusu feri ya beto: ukubwa wake, uzito wake, nguvu yake inapovutwa na namna inavyokunjwa bila kupasuka. Mwenye kiwanda wa Uganda anajua kanuni hiyo. Swali ni kama mununuzi wa Bunia naye anaijua.

Pili ni juu ya barabara. Barabara ya kitaifa namba 27, ile ya Komanda, Bunia mupaka Mahagi, imeona mashambulizi mengi katika miaka hii. Gari zikingoja, zikitembea kwa kusindikizwa, ao zikizunguka njia ndefu, beyi ya kila kitu inapanda, na feri ni kitu kizito. Beyi ikipanda, mununuzi anatafuta ya beyi ndogo. Hapo ndipo feri nyembamba na feri isiyojulikana asili yake zinapata soko.

Tatu ni juu ya kujenga upya. Tangu Disemba 2017, nyumba nyingi ziliungua katika Djugu na kandokando yake. Pale usalama unaporudi kidogo, watu wanarudi na kuanza tena. Wanaokota kile kinachobaki, pamoja na feri zilizokuwa ndani ya majengo yaliyoungua. Tutaona mbele kwamba feri hizo zinahitaji uangalifu wa pekee.

Tone la maji kwenye kikaango

Tuanze na kitu ambacho kila mama wa nyumba amekiona. Weka kikaango cha chapati kwenye makala. Kikiwa cha moto kidogo, tone la maji likianguka pale linatandaa, linachemka kwa kelele na kwisha mara moja. Sasa acha kikaango kipate moto mingi zaidi na uangushe tone lingine. Ungefikiri litakwisha haraka kuliko la kwanza. Hapana. Linakuwa duara kama ushanga, linakimbia huku na huku juu ya chuma, linacheza, na linachukua muda mrefu kabla ya kwisha.

Munganga mmoja wa Ujerumani, Johann Gottlob Leidenfrost, aliandika juu ya jambo hilo mwaka 1756, baada ya kuangusha matone ya maji ndani ya kijiko cha chuma kilichokuwa chekundu kwa moto. Mupaka leo wanasayansi wanaita jambo hilo kwa jina lake. Maelezo ni haya: chuma kikiwa cha moto sana, maji ya chini ya tone yanageuka mvuke kabla hata hayajagusa chuma vizuri. Mvuke huo unakuwa kama godoro nyembamba katikati ya maji na chuma. Na mvuke ni mbaya sana kwa kupitisha joto. Maji yako pale juu ya chuma, lakini hayaguse chuma. Kwenye kikaango laini, mambo hayo yanaanza karibu na digrii 200.

Mwaka 1934 Mujapani Shiro Nukiyama alipima jambo hilo kwa uangalifu na kuonyesha kwamba kuchemka kuko na ngazi. Chuma kikipita kidogo joto la kuchemka kwa maji, mapovu madogo yanazaliwa juu yake, yanapanda, na maji mapya yanakuja kushika nafasi. Hapo joto linatoka kwa nguvu sana. Lakini chuma kikizidi kuwa cha moto, mapovu yanakuwa mengi mupaka yanaungana na kufanya lile godoro la mvuke. Ghafla joto linatoka mara 10 pungufu, ao zaidi ya hapo. Ni jambo la kushangaza: chuma cha digrii 800 kilichowekwa ndani ya maji yaliyotulia kinaweza kutoa joto polepole kuliko chuma cha digrii 130.

Kwa nini maji yanapoza vizuri pale yanapoguza chuma? Sababu si ubaridi wake peke yake, ni kazi ya kugeuka mvuke. Hapa Bunia, kwenye kimo cha karibu mita 1275 juu ya bahari, maji yanachemka karibu na digrii 96. Kwa kuchukua kilo moja ya maji kutoka digrii 20 mupaka pale, unahitaji kiasi fulani cha moto. Kwa kuigeuza kilo ileile yote kuwa mvuke, unahitaji karibu mara 7 ya kiasi hicho. Moto huo wote maji yanaunyonya kutoka kwa chuma, lakini lazima kwanza yakiguse.

Waforjero wetu wanaofua majembe na visu wanajua jambo hili kwa mikono, hata kama hawaliite kwa jina la Mujerumani. Forjero mwenye uzoefu hatupi tu jembe jekundu ndani ya beseni na kuliacha. Analishika kwa koleo na kulitikisa ndani ya maji. Kwa kutikisa vile, anapasua lile godoro la mvuke, maji yanaguza chuma sehemu zote kwa pamoja, na chuma kinakomaa sawasawa. Wengine wanaongeza chumvi ndani ya maji, na chumvi inasaidia kuvunja godoro hilo. Ukiacha kutikisa, utapata jembe gumu upande mmoja na laini upande mwingine.

Ndani ya kiwanda: kupasua mvuke kwa nguvu ya pompi

Sasa twende kiwandani. Viwanda vingi vya kanda yetu vinayeyusha vyuma vya zamani, vinavimwaga kuwa vipande virefu, kisha vinavipasha moto tena na kuvipitisha katikati ya magurudumu mazito mupaka vinakuwa feri ya 8, ya 10, ya 12, ya 16. Feri inapotoka kwenye gurudumu la mwisho iko nyekundu, karibu digrii 1000, na inakimbia. Feri nyembamba inaweza kupita zaidi ya mita 10 kwa sekunde moja.

Zamani, feri hiyo iliachwa ipoe yenyewe kwa hewa. Kwa kupata nguvu kubwa, viwanda vilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kuongeza kaboni na madini mengine ndani ya chuma. Lakini kaboni ikiwa nyingi, chuma kinapasuka kwa kukunjwa na hakikubali kusudwa vizuri. Ya pili ni kusokota feri ikiwa baridi. Wengi wetu tunakumbuka feri za pembe nne zilizosokotwa kama kamba.

Katika miaka ya 1970, watafiti wa Centre de recherches métallurgiques ya Liège, kule Ubeljiji, walileta njia ya tatu. Waliiita Tempcore. Leo njia za namna hiyo zinajulikana kwa herufi TMT, na ndizo unaona zimeandikwa kwenye matangazo ya viwanda vya Uganda, kwa mfano Roofings ambayo iko na kiwanda Namanve, karibu na Kampala.

Njia yenyewe ni hii. Feri nyekundu inapita ndani ya bomba ambamo maji yanapigwa juu yake kutoka pande zote, kwa nguvu ya pompi. Inapita mule kwa muda wa sekunde moja hivi. Tukumbuke kikaango: kwa digrii 1000, maji yaliyotulia yangecheza tu juu ya godoro la mvuke. Ndiyo maana maji hayamwagwe, yanapigwa. Mkondo wa maji unaokuja kwa nguvu unapasua mvuke, unaufagia, na kuleta maji mapya ya baridi mupaka kwenye chuma chenyewe. Pale maji yanapoguza, joto la ngozi ya feri linaanguka kwa ghafla, na ngozi hiyo inageuka kuwa chuma kigumu sana ambacho wataalamu wanaita martensiti.

Lakini sekunde moja ni fupi. Katikati ya feri maji hayajafika. Moyo wake ungali mwekundu. Feri ikitoka ndani ya maji, moto wa moyo unarudi kwenye ngozi na kuipasha tena, mupaka karibu digrii 600. Kupashwa huko kunaondoa ukali wa ngozi: inabaki na nguvu, lakini haipasuke kama kioo. Kiisha feri inawekwa kwenye kitanda cha kupozea na inapoa polepole. Matokeo yake ni feri yenye tabia mbili: nje ngumu, ndani laini. Kwa feri ya 12, ile ngozi ngumu iko na unene wa kama milimita 1 tu, ni karibu theluthi moja ya chuma chote.

Faida yake ni kubwa. Feri ya namna hiyo ya daraja la 500 inabeba newton 500 kwa kila milimita ya mraba kabla ya kuanza kuvutika bila kurudi. Tufanye hesabu: feri ya 12 iko na milimita za mraba 113. Kwa hiyo feri moja, yenye unene wa kidole, inaweza kuvutwa na uzito wa karibu tani 5,7. Feri laini ya kawaida ya daraja la 250, yenye unene uleule, inaishia karibu tani 2,9. Kwa macho, tofauti hiyo huwezi kuiona vizuri. Injenia anapochora nyumba kwa hesabu ya 500 na masoni anaweka feri ya nguvu pungufu, ile nyumba inasimama kwa deni.

Pale maji yanaposhindwa

Kama nguvu yote inatoka katika sekunde moja ya maji, basi kosa lolote katika sekunde hiyo linabaki ndani ya feri kwa maisha yake yote.

Kosa la kwanza ni pompi kukosa nguvu. Msukumo wa maji ukipungua, mkondo hauwezi tena kupasua mvuke vizuri. Ngozi ngumu inakuwa nyembamba. Feri inatoka, inang'aa, iko na matuta yake yote, lakini nguvu yake ni ndogo.

La pili ni tundu za maji kuziba. Maji ya kiwanda yanazunguka na kurudi, yanabeba unga wa kutu na magamba ya chuma. Tundu za upande mmoja zikiziba, upande huo wa feri haupate maji ya kutosha. Ukikata feri hiyo na kuipima katika laboratware, unaona pete ngumu imekuwa kama mwezi mchanga: nene upande huu, nyembamba upande ule.

La tatu ni maji kuwa ya moto. Kila feri inayopita inaacha joto lake ndani ya maji. Kama kiwanda hakina namna nzuri ya kupoza maji kabla ya kuyarudisha, godoro la mvuke linakuwa gumu kuvunjika, kwa sababu maji ya moto yanageuka mvuke upesi zaidi.

La nne ni chuma chenyewe. Vyuma vya zamani vinavyoyeyushwa havifanane: kuna vya gari, vya mashini, vya mabati. Kama kiwanda hakipime kilichomo ndani, maji yaleyale na muda uleule vinaweza kutoa feri nzuri leo na feri yenye kuvunjika kesho.

Kiwanda chenye utaratibu kinapambana na mambo hayo yote kwa kupima: kinakata vipande kutoka kila kundi, kinavivuta kwa mashini mupaka vinakatika, kinavikunja, na kuangalia pete yake kwa kutia asidi kwenye sehemu iliyokatwa na kusafishwa. Kipimo hicho kinaandikwa kwenye sertifika. Karatasi hiyo ndiyo ushuhuda pekee wa ile sekunde moja. Feri ikifika Bunia bila karatasi yake na bila alama ya kiwanda, huo ushuhuda umebaki njiani.

Moto unafuta kazi ya maji

Kuna jambo lingine ambalo halimhusu mwenye kiwanda wala mchuuzi. Linatuhusu sisi wenyewe kwenye shantie.

Kile maji yalichotengeneza, moto unaweza kukibomoa. Ngozi ngumu ya feri ya TMT ilipashwa mara ya mwisho karibu digrii 600. Ukipasha feri hiyo tena kupita hapo, ukomavu wake unapotea. Ikipoa kwa hewa, inarudi kuwa feri laini. Ikitupwa ndani ya maji ikiwa nyekundu, inaweza kuwa ngumu na yenye kuvunjika.

Katika shantie nyingi utaona vijana wanapasha feri ya 16 kwenye makala «ili ikunjike vizuri». Feri nyekundu iko tayari kupita digrii 700. Kila pembe iliyokunjwa namna hiyo ni mahali ambapo kazi ya kiwanda imefutwa, na pembe ndipo mara nyingi beto inahitaji nguvu zaidi. Feri ya TMT inakunjwa baridi, kwa mashini ao kwa meza ya misumari, kwa kuzunguka kipande cha duara chenye unene wa angalau mara 4 ya unene wa feri. Ikipasuka kwa kukunjwa baridi, hiyo ni dalili kwamba feri ni mbaya. Usiipashe moto ili ukubali. Irudishe kwa mchuuzi.

Vilevile kwa kukereza. Kuna wale wanaopeleka feri kwa fundi wa torno apunguze ncha na kutia meno ya bulo. Kile anachokiondoa ni ile milimita 1 ya nje, yaani ndiyo yenye nguvu. Kinachobaki ni moyo laini. Na kwa kuunganisha feri mbili ndani ya nguzo, njia ya usalama ni kuzilaza moja kando ya nyingine na kuzifunga kwa waya, kwa urefu wa mara 40 hadi 50 ya unene wake: kwa feri ya 12, ni sentimita 48 hadi 60. Kuzisuda bila ujuzi kunapasha feri pale hasa inapohitajika.

Sasa turudi kwa majengo yaliyoungua. Shule, kituo cha afya ao kanisa likiungua, beto inaonekana imesimama. Mwenye kurudi anafurahi: «Kuta zimeanguka, lakini nguzo ziko.» Kabla ya kujenga juu ya nguzo hizo, angalia rangi. Beto nyingi zikipita digrii 300 zinageuka kuwa na rangi nyekundu-nyekundu kama ya matofali mabichi, na kupita digrii 600 zinaanza kuwa za kijivu-nyeupe na kumomonyoka. Pale beto imekuwa nyeupe na inavunjika kwa mkono, ujue feri iliyo karibu nayo inaweza kuwa imepita joto la hatari. Feri ya TMT iliyofika hapo hairudishiwe nguvu kwa kupoa. Inaweza kutumika kwa kazi ndogo, kwa mfano madirisha ao ukuta wa kiwanja, lakini haifai kubeba etaji wala paa la darasa. Kama ni jengo la watu wengi, muiteni injenia kabla ya kuweka hata tofali moja.

Mununuzi anaweza kufanya nini

Mashini ya kuvuta chuma haiko kwenye kenkayeri. Lakini mizani iko. Uzito hauoneshe kama maji yalifanya kazi yake, lakini unaonesha kama chuma chenyewe kiko chote.

Feri ya 8 inapaswa kuwa na kilo 0,395 kwa mita moja. Ya 10, kilo 0,617. Ya 12, kilo 0,888. Ya 16, kilo 1,58. Kama barre iko na mita 12 kamili, ya 10 inapaswa kuwa na kilo 7,4 na ya 12 kilo 10,7. Kanuni zinakubali upungufu mdogo, karibu asilimia 6 kwa feri ya 10 na ya 12. Kwa hiyo, barre ya mita 12 inayoitwa «ya 12» na haifike kilo 10, si ya 12. Barre inayoitwa «ya 10» na haifike kilo 7, si ya 10. Pima urefu kwanza, kwa sababu wengine wanapunguza kwenye urefu.

Usifikiri milimita moja ni kitu kidogo. Feri ya 11 iliyouzwa kama ya 12 imepoteza asilimia 16 ya nguvu, hata kama ilipozwa vizuri. Ile ya 10 na nusu imepoteza karibu robo. Na kama kiwanda kilichopunguza chuma kilipunguza pia maji, hasara mbili zinakutana ndani ya nguzo moja.

Baada ya mizani, tafuta alama. Viwanda vyenye kujulikana vinachapa jina ao herufi zao kwenye mwili wa feri, pamoja na unene na daraja. Feri isiyo na alama yoyote haina baba. Omba fakitire yenye kuandika daraja na jina la kiwanda, si maneno «feri barre 50» tu. Anayejenga etaji, shule ao hospitali aombe pia sertifika ya kundi. Wanunuzi wachache wakiiomba, mchuuzi atasema hana. Wakiwa wengi, ataanza kuiomba naye kule anakonunua, Kampala ao Arua.

Na serikali?

Office congolais de contrôle, OCC, ndiyo iko na kazi ya kukagua ubora na wingi wa bidhaa zinazoingia. Tangu Mei 2021, Ituri iko chini ya utawala wa kijeshi, na kwenye mipaka macho mengi yako juu ya silaha, dhahabu na ushuru. Hilo linaeleweka. Lakini feri ya beto nayo ni jambo la usalama. Gari moja ya feri mbovu inaweza kuingia ndani ya nyumba kumi, na ikiisha kumwagiwa beto hakuna mutu atakayeiona tena mupaka siku ya kuanguka.

Vitu vitatu vingewezekana bila feza nyingi. Cha kwanza ni mizani na rula kwenye mpaka, na kukataa feri isiyofikia uzito wake. Cha pili ni kudai sertifika ya kundi, na mara kwa mara kukata vipande vichache na kuvituma kwenye laboratware yenye mashini ya kuvuta, hata kama ni ya upande wa pili wa mpaka. Sasa tuko jumuiya moja na kanuni ni moja. Cha tatu ni kutangaza matokeo hadharani, kwa radio, ili mununuzi wa Bunia, wa Mahagi na wa Aru ajue ni alama gani ilipita na ni gani ilirudishwa.

Wachuuzi wazuri hawawezi kuogopa jambo hilo. Leo wao ndio wanaoumia: wanaleta feri ya uzito kamili, na jirani yao anauza nyembamba kwa beyi ya chini akisema ni ileile. Mizani ya hadharani ingewatenganisha.

Kwa wewe unayejenga mwezi huu, usingoje yote hayo. Beba mita na mizani unapokwenda kununua, soma kile kilichochapwa kwenye feri, na ukirudi kwenye shantie, zima moto wa makala pale vijana wanapokunjia.